Deni la Jirani Mkubwa

Yuko mtu aketiye barazani akanena kwamba mambo ya nyumba ya watu hayamhusu mpita njia. Dola moja kuingia katika uchaguzi wa dola nyingine, asema, ni ufidhuli, hata kama kuingia huko kumevikwa joho la demokrasia. Yuko na wa pili, aketiye baraza ya kuielekea ile ya kwanza, naye anena kinyume: penye dhuluma hapana haja ya kupiga hodi, na mwenye nguvu amtazamaye mnyonge akiporwa ni mshirika wa mporaji. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu. Yule wa kwanza simkubali hata kidogo. Wa pili namkubali nusu, na nusu ile nisiyoikubali ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mabishano ya hewani hayana mwisho, basi na tuyateremshe ardhini. Karibu nasi, baina ya Msumbiji na kisiwa kikubwa cha Bukini ambacho leo chaitwa Madagaska, viko Visiwa vya Komoro. Watu wake hawafiki milioni moja. Si wageni kwetu: Wangazija wamekaa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam vizazi kwa vizazi, wakasomesha, wakafanya biashara, wakaoa na kuozwa, lugha yao na yetu ni ndugu, na bahari ipigayo kuta za Moroni ndiyo ipigayo kuta za Lamu. Hata chama cha kudai uhuru wa visiwa hivyo kilianzia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pale basi tunao jirani mdogo hasa, na ng'ambo yake, Tanzania, jirani mkubwa hasa.

Uhuru wa Komoro ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975. Kisiwa cha nne, Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kilibaki mikononi mwa Ufaransa. Kabla ya mwezi kwisha, tarehe 3 Agosti, rais wa kwanza alikwisha pinduliwa. Tangu hapo mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yamepita 20, na baadhi yake yaliongozwa na Mfaransa mmoja, Bob Denard, na askari wake wa kukodiwa, kana kwamba ikulu ya Moroni ilikuwa duka la mtu aingiaye na kutoka apendavyo. Mwaka 1997 visiwa vya Nzwani na Mwali vikasema vimejitoa. Nzwani, ambacho katika ramani nyingi huandikwa Anjouan, kiliomba hata kurudi chini ya bendera ya Ufaransa. Na Ufaransa, jambo la ajabu, ikakataa.

Katika tope hilo ndimo yalimotoka mapatano ya mwaka 2001, na katiba iliyopigiwa kura mwezi wa Desemba mwaka huo. Msomaji na aishike sana katiba hii, maana kila nitakachosema chategemea hapo. Urais wa Muungano ulifanywa wa zamu: miaka 4 Ngazija, kisha miaka 4 Nzwani, kisha miaka 4 Mwali, halafu zamu irudi Ngazija. Kila kisiwa kikapewa na rais wake mwenyewe kwa mambo ya kwao. Haikuwa katiba ya kupendeza machoni. Nchi ya watu wachache hivyo ikawa na marais wanne! Nami nakiri kwamba niliposoma habari zake mara ya kwanza nilicheka. Lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu ambaye hakupata kuishi katika kisiwa kidogo akaamuriwa na kisiwa kikubwa kwa miaka 25. Zamu ile ilikuwa ndiyo kamba iliyovifunga visiwa vitatu mtumbwi mmoja.

Sasa twaja kwa Kanali Mohamed Bacar. Alishika madaraka ya Nzwani mwaka 2001, akachaguliwa mwaka 2002, na muda wake ukatimia mwaka 2007. Akakataa kuondoka. Serikali ya Muungano na Umoja wa Afrika wakamwambia angoje, uchaguzi wa kisiwa uahirishwe uandaliwe kwa haki. Yeye akapigisha kura yake mwenyewe mwezi wa Juni na kujitangaza mshindi. Umoja wa Afrika ukamwekea vikwazo mwezi wa Oktoba. Hakujali. Ndipo tarehe 25 Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan, pamoja na askari wa Komoro wenyewe, walipoteremka Nzwani kwa idhini ya Umoja wa Afrika, Libya na Senegal zikisaidia. Siku ile haikwisha kabla ya Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa, kuwa mikononi mwao. Bacar akavuka bahari kwa mashua hadi Maore. Wafaransa wakampeleka Réunion, wakamnyima hifadhi, na mwezi wa Julai akapelekwa Benin. Mwezi wa Juni watu wa Nzwani walikuwa wamekwisha piga kura na kumchagua Moussa Toybou.

Mimi sikuwalaumu askari wale, wala siwalaumu leo. Thabo Mbeki, aliyekuwa Rais wa Afrika ya Kusini, aliona kwamba mazungumzo yalikuwa bado hayajamalizika, na neno lake si la kudharauliwa. Walakini mtu aliyekwisha zungumzwa naye karibu mwaka mzima, na kila mwezi akazidi kujichimbia mahandaki, hazungumzi bali anangoja wenzake wachoke. Na yule rafiki wa baraza ya kwanza, asemaye kwamba uhuru wa nchi uliingiliwa, naomba anijibu swali moja: uhuru wa nani? Nchi si jumba la kanali. Enzi ya taifa ni mali ya wenye kulipiga kura. Akisha kuipora mtu mmoja, hawezi tena kuinyanyua mbele ya jirani kama ngao. Mwizi hawezi kukataa upekuzi kwa hoja kwamba nyumba ile si ya wapekuzi.

Hapo rafiki wa baraza ya pili hunipigia makofi. Namwomba ayangojeshe kidogo, tuitazame kalenda ya siku zile.

Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule alikuwa Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania. Tarehe 28 Februari 2008 alikuwa Nairobi. Kenya yetu ilikuwa imewaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba. Watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa, na Kofi Annan alikuwa amepatanisha kwa wiki nyingi hata akachoka. Kikwete aliketi nao, Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi, nchi ikapumua. Hazikupita wiki nne, askari wakateremka Nzwani. Siku nne baadaye, tarehe 29 Machi, Zimbabwe ikapiga kura; hesabu za kura ya rais zikafichwa zaidi ya mwezi mmoja, wafuasi wa upinzani wakapigwa na kuuawa, mpinzani akajitoa katika duru ya pili, na Robert Mugabe akaenda kuketi pamoja na wakuu wenzake katika mkutano wa Umoja huo huo, Misri, kana kwamba ametoka arusini.

Nairobi yakaja maneno, Nzwani ikaja mizinga, Harare ikaja subira. Mwaka ni mmoja na mwenyekiti ni mmoja.

Wala sisemi kwamba ilipasa majeshi yaje Nairobi. Mungu apishe mbali! Maneno yalitutosha, na laiti yangetosha kila mahali. Wala sisemi kwamba asiyeweza kumsaidia mkubwa asimsaidie mdogo. Huo ungekuwa ubishi wa kitoto, maana tabibu asiyeweza kutibu magonjwa yote hazuiwi kutibu homa. Nasema jambo jingine. Mtu akichagua kutumia nguvu pale tu ambapo nguvu zake zatosha, ajue kwamba mdogo aliyelazwa chini na kunyweshwa dawa atayatazama sana yale yafuatayo. Atataka kujua kama yule bwana mkubwa alikuja kwa ajili ya dawa au kwa ajili ya kulaza watu chini. Na hili halijulikani siku ya mizinga. Hujulikana miaka inayofuata.

Jambo hili Tanzania ilikuwa na sababu ya kulijua kuliko sisi sote. Mwezi wa Aprili 1979 majeshi yake yaliingia Kampala na kumng'oa Idi Amin. Dunia ikafurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Desemba 1980 Uganda ikapiga kura, askari wa Tanzania wakiwa bado nchini. Kura ile ikazua ugomvi, na mapema mwaka 1981 vita vya msituni vikaanza, visikome hata miaka mitano ikapita. Kumwondoa mtu kulichukua miezi. Kulinda kisanduku cha kura kulionekana ni kazi ndogo ya makarani.

Basi, baada ya mizinga, Nzwani na Komoro zilipata nini?

Rais wa Muungano ambaye askari walikuja kuitetea serikali yake alikuwa Ahmed Abdallah Sambi, mtu wa Nzwani, aliyechaguliwa mwaka 2006 kwa zamu ya kisiwa chake. Zamu yake ilipasa kwisha mwaka 2010. Tarehe 17 Mei 2009, miezi 14 tu baada ya Bacar kufukuzwa kwa kosa la kuzidisha muda, kura ya maoni ikafanywa, na muda wa Sambi ukaongezwa mwaka mmoja. Watu wa Mwali, waliokuwa wakingoja zamu yao tangu 2001, wakapiga makelele. Mahakama ya Katiba ikasema mwaka 2010 kwamba muda wa rais umekwisha tarehe yake ile ile ya zamani. Na hapa, kwa uadilifu, sharti niseme kwamba Umoja wa Afrika haukulala. Ulipatanisha, Juni 2010 wakakubaliana uchaguzi ufanywe kabla ya mwaka kwisha, ukafanywa, na Ikililou Dhoinine, mtu wa Mwali, akaapishwa Mei 2011. Hapakufyatuliwa risasi, hapakutumwa merikebu. Neno lilisemwa mapema, likatosha. Ningependa kila mwanafunzi wa siasa ya nchi za nje alisome tukio hili dogo lisilo na shamrashamra kabla hajalisoma lile la mizinga.

Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija, akachaguliwa Azali Assoumani, kanali mwingine, ambaye alipata kutwaa nchi kwa mapinduzi mwaka 1999. Zamu iliyofuata, mwaka 2021, ilikuwa ya Nzwani. Aprili 2018 Azali akaisimamisha Mahakama ya Katiba, ile ile iliyosimama kidete mwaka 2010. Tarehe 30 Julai ikaja kura ya maoni, wapinzani wakaisusia, ikatangazwa kwamba waliokubali wamepita sehemu 92 katika 100. Na katiba mpya ikampa rais ruhusa ya kushika mihula miwili mfululizo, kila muhula miaka 5. Zamu ya Nzwani ya mwaka 2021 ikayeyuka kama chumvi katika mvua. Oktoba mwaka huo vijana wenye silaha walijifungia katika mji wa kale wa Mutsamudu wakapigana na jeshi kwa siku kadhaa. Machi 2019 uchaguzi wa mapema, Azali. Januari 2024 uchaguzi tena, Azali. Na Sambi? Novemba 2022 mahakama maalumu isiyo na rufani ilimhukumu kifungo cha maisha kwa hatia ya uhaini katika mambo ya kuuza hati za kusafiria. Kama alitenda au hakutenda, mimi si hakimu. Lakini hakimu asiye na mtu juu yake wa kumsahihisha simwiti hakimu.

Mara hii wakubwa walisema nini? Mjumbe wa Umoja wa Afrika alikuja mwaka 2018, mazungumzo yakaanza, yakavunjika, mjumbe akarudi. Kisha Februari 2023, zamu ya uenyekiti wa Umoja wa Afrika ilipoifikia Afrika Mashariki, kiti kile kile alichokalia Kikwete mwaka 2008, alipokewa nani? Azali Assoumani.

Yule rafiki wa baraza ya pili hunijibu hapa kwamba mambo hayafanani. Bacar, asema, alitumia nguvu. Azali alitumia kura. Jibu hili ni la kisheria mno, nami nitalijibu kwa sheria. Januari 2007, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya askari kupanda merikebu, wakuu wa Afrika walipitisha huko Addis Ababa Mkataba wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala. Kifungu cha 23 cha mkataba huo chataja njia za kutwaa au kushikilia madaraka kinyume cha katiba. Yamo mapinduzi ya askari. Wamo askari wa kukodiwa. Yumo atawalaye anayekataa kumwachia aliyeshinda. Na yumo, kwa maneno ya wazi, yule abadilishaye katiba ili kuzuia kupokezana madaraka kwa njia ya demokrasia. Walioandika hawakuwa watoto. Walijua kwamba kalamu ni silaha, wakaihesabu pamoja na bunduki. Walichokosa si akili bali ni ujasiri wa kusoma maandishi yao wenyewe.

Tena katiba ya zamu haikuwa sheria ya kawaida ambayo wengi waweza kuibadili wapendapo. Ilikuwa suluhu ya visiwa vitatu vilivyokaribia kuvunjana, na wadogo waliingia kwa sababu ya zamu. Watu watatu wakikubaliana kupokezana shuka usiku wa baridi, wa kwanza hana haki, akisha lala zamu yake, kuita kura kwamba shuka sasa ibaki kwake.

Kwa hiyo nasema kwamba mwaka 2008 jirani mkubwa alikopa. Alikopa kwa watu wa Nzwani imani yao. Aliwaambia: nimekuja na bunduki kwa sababu muda wa mtawala ni amana, nao usizidishwe. Aliposema hivyo akaandikiana nao deni, kwamba kila atakayezidisha muda, awe adui yake au rafiki yake, awe ameshika bunduki au kalamu, atamwambia neno lile lile. Si lazima awarudishie askari. Mimi nisingeomba hata askari mmoja mwaka 2018. Neno lingefaa mwezi wa Aprili, siku ile mahakama ilipofungwa, maana mahakama ikifungwa kila ajuaye mambo hujua kinachofuata. Angeweza kukataa kuitambua kura isiyo na mahakama ya kuiamua, au kuzuia kiti cha Umoja wa Afrika kwa mwaka mmoja, kitu kisichomnyima mtu wa Mutsamudu hata kibaba cha mchele. Angeweza, tangu 2008, kuwapelekea Wakomoro mahakimu wa kubadilishana nao elimu na makarani wa kuandikisha wapiga kura, kwa bidii ile ile aliyowapelekea makamanda.

Mbona hakusema? Wengine watataja biashara, wengine urafiki wa wakuu. Mimi naona sababu iko karibu zaidi: ulimi ulikuwa mzito. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa kabla matokeo yote hayajatangazwa, na ule wa marudio, Machi 2016, chama kikubwa cha upinzani kikaususia. Nyani haoni kundule, lakini jirani zake hulikumbuka. Dola ambayo imefuta kura ya kisiwa kimoja haiwezi kupaza sauti kwa ajili ya zamu ya kisiwa kingine. Na mwaka 2025 mambo yalizidi uzito: uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba ulifanywa mpinzani mkuu akiwa mahabusi kwa shtaka la uhaini, watu wakauawa barabarani, na watazamaji wa Umoja wa Afrika wenyewe wakasema haukufikia kanuni za Umoja huo.

Msomaji wa Kenya asichekelee. Mwaka 2008 sisi ndio tuliokuwa wagonjwa tukaletewa tabibu kutoka kusini. Tunalo jambo moja la kujivunia, nalo ni tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limetokea katika Afrika. Na mara majaji wale wale walipotukanwa hadharani na wakubwa, wengi wetu tulinyamaza. Hukumu ile ilisikika Moroni bila balozi kutumwa. Na ukimya wetu pia ulisikika.

Kutoka Nzwani hadi Maore ni kama kilomita 70 za bahari. Tangu mwaka 1995 Ufaransa hudai viza kwa Mkomoro atakaye kuvuka, naye asiye na viza huvuka usiku katika mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, zenye watu wengi kuliko uwezo wake. Wengi wamezama humo. Mkulima wa karafuu wa Nzwani ambaye zamu yake ya kutawaliwa na mtu wa kwao ilifutwa hana tena kisanduku cha kusema nacho. Mwanawe husema kwa mashua. Mwaka 2008 kanali alivuka maji yale yale, akapata ndege ya kumpeleka mbele.

Muhula wa rais ulioanza mwaka 2024 umeandikwa kwisha mwaka 2029. Balozi wa Tanzania aliyeko Moroni ana kalenda ukutani kama mtu mwingine yeyote.